Walimu wa Isiolo na Vyombo Vipya vya Kufundishia

Watu wengi wakisikia habari za kompyuta na vishikwambi shuleni hudhani ya kwamba mambo hayo ni ya Nairobi na Mombasa tu, na ya kwamba yakifika Isiolo hufika yamechelewa na kuchakaa. Sivyo ilivyokuwa. Mwaka 2003 ulitangazwa mpango wa NEPAD wa kuingiza kompyuta katika shule za Afrika, na nchi 16 zikakubali kuwa za kwanza katika majaribio. Kila nchi ilichagua shule sita za sekondari. Katika Kenya shule hizo zilikuwa Chavakali, Maranda, Menengai, Mumbi Girls, Wajir Girls na Isiolo Girls. Shule nyingi zenye jina kubwa katika jiji hazikuwamo katika orodha hiyo, bali shule mbili za Kaskazini, nchi ya ngamia na vumbi, zilikuwamo.

Kampuni kubwa za kigeni, yaani AMD, Cisco, HP, Microsoft na Oracle, zilishirikiana na Serikali kuleta vyombo. Mpango ulikuwa kila shule ipate chumba cha kompyuta, mtambo wa kuhifadhi masomo, na chombo cha kupokea mtandao kutoka setilaiti, maana waya wa mtandao haukuwa umefika katika miji ya namna hiyo. Palikuwa hata na mahali pa kupata habari za afya. Taarifa iliyotolewa mwaka 2007 juu ya majaribio hayo katika nchi mbalimbali ilionyesha kuwa kununua kompyuta halikuwa ndilo jambo gumu. Jambo gumu lilikuwa gharama ya kulipia setilaiti kila mwezi baada ya wafadhili kuondoka, na mwalimu wa hisabati au wa jiografia ambaye amefundisha miaka kumi na mitano kwa ubao na chaki, kisha anaambiwa Jumatatu ijayo afundishe somo lile lile kwa kompyuta.

Mwalimu huyo ndiye anayehusika katika habari hii. Vyombo huja na kwenda, na vimekuja vingi tangu mwaka 2003, lakini kila kimoja kimepita mikononi mwake.

Yafaa kwanza kuikumbuka nchi yenyewe. Kaunti ya Isiolo ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata watu 268,002. Wamo Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali na wengineo. Mji wa Isiolo uko ukingoni, karibu na Meru, na lami ya barabara kuu ya kwenda Marsabit na Moyale imepita hapo. Lakini Merti iko mbali, upande wa pili wa mto Ewaso Ng'iro, na Garba Tulla, Sericho na Oldonyiro kila moja iko upande wake. Mwalimu aliyepangiwa kazi shule ya mbali akitaka kuonana na ofisa wa elimu mjini hupanda gari lililojaa magunia na mbuzi, na safari yaweza kummaliza siku nzima. Mvua ikinyesha, safari huahirishwa.

Umbali huo haukuletwa na jiografia peke yake. Katika wakati wa mkoloni Isiolo ilikuwa makao makuu ya Jimbo la Mpakani Kaskazini, na mtu hakuingia wala kutoka jimbo hilo apendavyo. Shule zilikuwa chache mno. Baada ya Uhuru vikaja vita vya Shifta, tangu mwaka 1963 hadi 1967, ambavyo vilipoteza mifugo mingi na kuwakusanya watu katika vijiji vya ulinzi kama vile Garba Tulla na Merti. Mji wenyewe ulimpoteza Daudi Dabasso Wabera, Mkuu wa Wilaya Mwafrika wa kwanza wa Isiolo, aliyeuawa Juni 1963, na jina lake lingali lipo katika kata na shule. Kisha Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ukasema ya kwamba fedha za maendeleo zipelekwe kwanza mahali penye ardhi yenye rutuba na mvua ya kutosha. Isiolo haikuwa mahali pa namna hiyo. Kwa hiyo mwalimu wa Isiolo anapopewa kishikwambi leo, hakipokei katika shule iliyokwisha kukamilika. Aghalabu hukipokea katika shule ambayo bado inahitaji madawati, maji, na mwalimu wa pili.

Chombo cha kwanza cha kisasa kilichomfikia mwalimu wa mbali kilikuwa redio. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kitengo cha masomo ya posta huko Kikuyu kwa ajili ya walimu wasiokuwa na elimu ya kutosha. Mwalimu wa daraja la P3 aliyefundisha kijijini alipata vitabu kwa posta, akasikiliza masomo katika Sauti ya Kenya, akafanya mtihani wa Kenya Junior Secondary, na akishinda aliweza kupandishwa kuwa P2. Hakuhitaji kuacha darasa lake wala kuhama nyumba yake. Redio haikuwekwa mbele ya watoto ili mwalimu apumzike. Ilikuwa ya mwalimu kwanza, na alipokwisha kufaidika yeye, watoto walifaidika pia. Wakubwa wa elimu waliokuja baadaye na vyombo vya bei kubwa wangalifanya vema kuukumbuka utaratibu huo.

Halafu, kuanzia mwaka 1980 hadi 1985, yalifanyika Kenya majaribio ya kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza. Ingawa majaribio hayo yamesahauliwa na watu wengi, yafaa kuyaeleza kidogo. Watalaamu wa kigeni walishirikiana na Taasisi ya Elimu ya Kenya kutunga vipindi vya karibu nusu saa kwa kila siku ya shule. Kipindi hakikuwa hotuba. Sauti ya redioni iliuliza swali, kisha ikanyamaza sekunde chache. Watoto wakajibu wote pamoja. Sauti ikatoa jibu sahihi na kuendelea. Mara waliamriwa kusimama, mara kuonyesha kitu, mara kuimba. Mwalimu alikuwa katikati yao, akiwatazama wasiojibu, akiandika neno ubaoni, akimsaidia aliyeachwa nyuma. Watoto waliosoma hivyo walipopimwa walionekana kuwashinda wenzao katika kusikiliza na kusoma. Baadaye nchi ya Lesotho iliyachukua masomo hayo ikayarekebisha kwa shule zake.

Siri ilikuwa ile nafasi ya kunyamaza. Waliotunga vipindi walijua ya kwamba upande wa pili wa redio wapo watu, nao wakawapa nafasi ya kusema na mwalimu nafasi ya kufanya kazi. Vyombo vingi vilivyofuata vina picha na rangi na sauti, lakini havina nafasi hiyo, na kwa hiyo mwalimu hulazimika kuitafuta mwenyewe.

Sasa yafika mambo ya vishikwambi. Mwaka 2013 viongozi waliochaguliwa waliahidi ya kwamba kila mtoto wa darasa la kwanza atapewa kompyuta. Zabuni ya kwanza ilifutwa kwa sababu ya mashitaka juu ya namna ilivyotolewa, na kazi haikuanza hadi mwaka 2016, ilipofanyiwa majaribio katika shule 150 za kaunti zote 47. Vyuo vikuu viwili, Moi na Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, vilipewa kazi ya kutengeneza na kugawa vyombo pamoja na kampuni za kigeni. Kwa miaka iliyofuata vilisambazwa vyombo zaidi ya milioni moja katika shule za msingi zaidi ya 21,000. Shule ilipata vishikwambi vya watoto, kompyuta mpakato za walimu, projekta, na mtambo mdogo wa kuhifadhi masomo ambao ungeweza kuyapeleka kwa vishikwambi vyote bila ya kuhitaji mtandao wa nje. Shule zilizokuwa mbali na nguzo za umeme ziliwekewa paneli za kuchukua nguvu za jua. Kwa Isiolo, ambako jua si kitu cha kutafutwa, hilo lilikuwa jambo la busara.

Lakini mafunzo ya walimu yalikuwa ya siku chache. Mwalimu mmoja au wawili waliitwa semina, wakaonyeshwa namna ya kuwasha, kufungua somo na kuchaji, kisha wakarudi kuwafundisha wenzao. Mwalimu aliyepata semina akihamishwa, ujuzi huhama naye. Pia masomo yaliyotiwa ndani ya vyombo mwaka 2016 yalitungwa kwa mtaala wa 8-4-4, na Januari 2019 mtaala wa umilisi ukaanza katika nchi nzima kwa madarasa ya chini. Chombo kilikuwa bado kipya, na masomo yake yamekwisha kupitwa. Mtaala huo mpya ndio uliotaja ujuzi wa dijitali kuwa mmoja wa umilisi saba ambao kila mtoto apaswa kuupata. Kwa hiyo mwalimu alijikuta akidaiwa zaidi, na chombo alichonacho kikimsaidia kidogo.

Yapo mambo ambayo walimu hodari hufanya katika hali hiyo, nayo yaweza kuigwa na mwalimu ye yote. Tuseme darasa lina watoto 54, na shule ilipewa vishikwambi 27, lakini tisa vimekufa. Vimebaki 18. Mwalimu asiyefikiri atawapa watoto 18 walio mbele, na wengine 36 watatazama migongo ya wenzao. Mwalimu mwenye mpango atawagawa watoto watatu watatu. Mmoja hushika kishikwambi na kugusa. Wa pili husoma kwa sauti yaliyoandikwa. Wa tatu huandika jibu katika daftari. Baada ya kila swali la tatu hubadilishana kazi. Hapo kila mtoto amegusa, amesoma na ameandika, na mwalimu aweza kupita katikati akiuliza, "Mbona mmechagua hilo?" Swali hilo halimo ndani ya kishikwambi. Mashine husema jibu ni sahihi au si sahihi, lakini mtoto aliyebahatisha na mtoto aliyeelewa hupata alama moja.

Kadhalika mwalimu hodari hujaribu somo zima usiku uliotangulia, au asubuhi kabla ya kengele. Huangalia kama sauti inatoka na kama mtambo wa masomo unawasiliana na vishikwambi vyote. Tena huwa ana somo la ubaoni tayari, lenye mada ile ile, kwa sababu wingu likikaa siku mbili juu ya Oldonyiro betri za paneli zitaishiwa nguvu. Wengine huona aibu kurudi kwenye chaki mbele ya mkaguzi. Hakuna aibu. Mtoto wa gredi ya tatu aliyejifunza robo na nusu kwa kugawa chapati ya karatasi amejifunza robo na nusu.

Uchunguzi uliofanywa upande wa Kisumu chini ya mpango wa kusoma na hesabu ulioitwa PRIMR, ambao ulitangulia mpango mkubwa wa Tusome, unafaa kutajwa hapa. Shule za kundi moja zilipewa vyombo vya kusomea mikononi mwa wanafunzi. Kundi la pili vishikwambi walipewa walimu. Kundi la tatu walipewa maofisa wanaozunguka kuwasaidia walimu darasani. Makundi yote yalikuwa na vitabu na mafunzo ya walimu, na yote yaliendelea vizuri kuliko shule ambazo hazikupata msaada wo wote. Lakini yalipolinganishwa yenyewe kwa yenyewe, hapakuonekana tofauti kubwa. Kumpa kila mtoto chombo kuligharimu fedha nyingi sana, na hakukuzaa zaidi ya kumpa chombo ofisa mmoja anayetembelea shule nyingi. Kwa sababu hiyo Tusome, iliyoenea nchini kote tangu mwaka 2015, iliwapa vishikwambi maofisa hao, ili wakikaa nyuma ya darasa waandike yale wanayoyaona, wasikilize watoto wachache wakisoma, kisha wamshauri mwalimu papo hapo. Kwa kaunti kubwa kama Isiolo shida ilibaki ile ya zamani. Ofisa ana kishikwambi, na shule iko mbali.

Liko pia jambo la lugha. Mtoto wa Merti au Kinna aghalabu huongea Kiborana nyumbani. Mtoto wa Ngaremara, Kiturkana. Wa Oldonyiro, Kisamburu. Mtaala wenyewe wataka madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayotumika mahali pale. Lakini masomo mengi yaliyo ndani ya vyombo yako katika Kiingereza na Kiswahili. Sauti ya kishikwambi husema mambo ya bustani na gari moshi, na mtoto ambaye hajapata kuona gari moshi huitazama picha tu. Mwalimu anayeijua lugha ya watoto husimamisha somo na kuwaeleza kwa mambo ya kwao, kama vile kundi la ngamia 40 lililogawanywa katika visima vitatu, wakabaki wangapi? Mwalimu aliyetoka kaunti nyingine, asiyejua lugha hiyo, aweza kumtumia mtoto mkubwa kuwa mkalimani kwa muda, huku naye akijifunza. Ni wazi kuwa kazi hii ya kutafsiri, ambayo hailipwi na haiandikwi katika taarifa yo yote, ndiyo inayofanya chombo kiwe na faida au kisiwe nayo.

Machi 2020 shule zote za Kenya zilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ikapeleka masomo hewani kwa redio ya KBC, kwa televisheni, na kwa mtandao. Wanafunzi wengine wa nchi walipata masomo kwa maandishi ya simu, kama yale ya Shupavu 291, yasiyohitaji simu ya bei kubwa. Madarasa matatu, gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne, yalirudi Oktoba 12, na wengine Januari 2021. Kwa mtoto wa mfugaji miezi hiyo haikuwa ya kusoma redioni. Alipokuwa nyumbani alihesabiwa kuwa mkono wa kazi, akapewa mbuzi wa kuchunga, na redio, kama ilikuwapo, ilibaki na mzee. Kisha mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwishoni mwa mwaka 2020, mifugo ikafa kwa wingi, na familia zikahama kutafuta maji. Shule zilipofunguliwa kulikuwa na vishikwambi vilivyochajiwa, na viti vitupu. Hakuna chombo kilichobuniwa kinachomrudisha mtoto kutoka malishoni. Walimu waliofanikiwa ni wale waliokwenda kuongea na wazazi visimani, au waliopiga simu kwa chifu.

Msomaji asidhani ya kwamba mabadiliko haya ni ya darasani peke yake. Pengine yaliyomlemea mwalimu zaidi ni yale ya ofisini. Tangu mwaka 2016 Tume ya Kuwaajiri Walimu imetaka kazi ya kila mwalimu ipimwe kwa taarifa iitwayo TPAD, ambayo baadaye ilihamia katika mtandao. Mwaka 2017 Wizara ilianzisha NEMIS, daftari kubwa la mtandaoni ambalo mwalimu mkuu alitakiwa kuandika jina la kila mtoto pamoja na namba ya cheti chake cha kuzaliwa. Fedha za Serikali kwa shule za msingi zilikuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka, nazo zilitakiwa kufuata majina yaliyomo katika daftari hilo. Na tangu mtaala mpya ulipofika gredi za juu, Baraza la Mitihani huweka kazi za kupima wanafunzi katika mtandao. Shule huzichukua, huzichapisha, na baada ya kusahihisha hurudisha alama kwa njia ile ile.

Fikiri basi juu ya mwalimu mkuu wa shule yenye watoto 200 mahali pasipo na mtandao. Watoto 60 hawana vyeti vya kuzaliwa, kwa maana walizaliwa manyatani na wazazi hawakuona haja ya cheti. Mfano huo si wa shule moja, bali ni wa hali iliyojulikana katika kaunti zote za wafugaji. Mtoto asiye na cheti yupo darasani, anakula, anaandika, anahitaji chaki na kitabu, lakini katika daftari la mtandaoni hayupo. Ukizidisha 60 kwa 1,420 utapata shilingi 85,200, na hizo ni fedha ambazo shule maskini ingezikosa kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo walimu wakuu wamejifunza kazi ambayo hawakufundishwa chuoni. Huwaandikia wazazi barua kwa ofisi ya msajili, huomba chifu athibitishe umri, hukusanya majina ya watoto katika karatasi kabla ya kwenda mjini, na wakifika katika saiba huingiza majina yote kwa usiku mmoja wakati mtandao haujasongwa na watu. Mwalimu mwerevu hatangoji siku ya mwisho, maana siku hiyo shule zote za nchi hugonga mlango mmoja na mlango haufunguki.

Safari hizo hulipwa na nani? Mara nyingi mfuko wa mwalimu mwenyewe. Wazazi wanaokaa katika halmashauri ya shule wafanya vema kuliuliza jambo hili barazani, maana mwalimu mkuu akiwa mjini siku tatu kwa ajili ya mtandao, darasa lake halina mtu.

Upo upande wa matumaini pia, na zaidi ni katika vyombo vinavyoweza kusafiri. Wafugaji wa Kaskazini wamezoea jambo hilo zamani. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kenya ilianza kupeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa, ngamia watatu wa kwanza wakibeba masanduku ya vitabu mpaka manyatani. Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, wakfu wa Vodafone na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi walileta mtambo wa darasa uliofungwa ndani ya sanduku moja la kilo 52, wenye vishikwambi 25, kompyuta, projekta na kipaza sauti. Na mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa sanduku lake la vishikwambi 40, lisiloingia maji kwa urahisi, ambalo huchaji vyote pamoja pasipo kuchomeka waya kila kimoja. Shule za kuhamahama, ambazo Serikali ina baraza maalumu la kuziangalia, zahitaji vyombo vya namna hii kuliko chumba cha kompyuta chenye kuta za mawe. Tena tangu Julai 2023 mtandao wa setilaiti wa Starlink unauzwa Kenya, na bei yake, ijapokuwa si ndogo kwa shule, haifanani na ile ya siku za NEPAD.

Jambo jipya zaidi ni akili mnemba, yaani programu zinazojibu maswali na kuandika kama mtu, ambazo watu wengi walianza kuzitumia baada ya ChatGPT kufunguliwa Novemba 2022. Walimu wenye simu nzuri wamekwisha kuzitumia kutunga maandalio ya masomo na maswali ya majaribio. Kazi ya saa mbili huisha kwa dakika kumi. Lakini programu hizo hukosea kwa sauti ya mtu mwenye hakika, na mifano yake hutoka mbali. Mwalimu akiinakili bila kuisoma atajikuta anawauliza watoto wa Garba Tulla habari za theluji. Akiisoma kwanza, akafuta, akabadili majina na vipimo, ataokoa muda wa kukaa na mtoto asiyejua kusoma. Habari zake juu ya Isiolo yafaa kuzithibitisha kwa watu wa Isiolo.

Mwisho ni utunzaji, ambao semina huutaja kwa haraka. Shule nyingi, kwa kuogopa wezi, zilifungia vishikwambi katika stoo ya mabati yenye vyuma madirishani. Hofu hiyo ina sababu, kwa kuwa shule kadhaa nchini ziliibiwa. Lakini betri za vyombo hivi huharibiwa na joto kali, na huharibika pia zikilala tupu miezi mingi. Stoo ya bati katika kiangazi cha Isiolo ni kama tanuri. Kufungia vyombo muhula mzima bila kuvichaji ni kuvipoteza vile vile kama kuibiwa, ila polepole. Afadhali viwekwe katika chumba chenye dari na hewa, vifutwe vumbi kwa kitambaa kikavu, vichajiwe mchana jua likiwa kali, tena visiachwe kuisha kabisa. Wakati wa likizo mwalimu mmoja au mlinzi apewe zamu ya kuvichaji mara moja kila majuma mawili, na zamu hiyo iandikwe katika daftari.

Kikiharibika kimoja, kwanza sharti shule iulize ofisi ya elimu ni nani anayeruhusiwa kukifungua, maana chombo ni mali ya Serikali. Shida nyingi huwa ndogo, kama tundu la chaji lililolegea au kioo kilichopasuka, na mafundi wa simu katika mji wa Isiolo huyatengeneza mambo hayo kila siku katika simu za watu. Siku za soko la mifugo magari ya kwenda mjini huwa mengi. Kifaa kilichokufa hupakiwa hapo, kimefungwa vizuri katika kitambaa, pamoja na karatasi yenye jina la shule, namba ya kifaa, tarehe, na maelezo ya ugonjwa wake.